Ile Asilimia Tano

Mpaka Jumatatu saa nne asubuhi, habari ilikuwa imeshatoka Kisarawe, imepita Pugu, imezunguka Mbezi, na sasa ilikuwa imekaa Misugusugu kwenye benchi la muuza supu, inaagiza na chapati. Nayo ilikuwa hivi: binti wa Mzee Pazi, yule anayesomea udaktari usiotibu watu, kaulizwa kama anamkubali mchumba wake, akajibu anamkubali asilimia tisini na tano.

Tisini na tano, jamani! Si mia. Si hata tisini na tisa ya kubembelezea.

Na mwenye maneno yake, Rukaya, alikuwa kajifungia chumbani kwao Kisarawe, kajifunika khanga gubigubi kama mgonjwa wa malaria, anaugombeza ulimi wake mwenyewe.

Hebu tumwonee huruma kidogo, maana Rukaya hakuwa na nia mbaya hata chembe. Msichana wa miaka ishirini na tisa, mwaka wa tatu wa PhD ya takwimu, kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta itazame picha ya jani la muhogo na iseme jani lina nini: ni zima, lina ugonjwa wa batobato, au ule wa michirizi. Shangazi yake Mwanaamina alilifupisha jambo hilo kwa majirani. "Rukaya anaisomesha kompyuta kilimo," alisema, na hakuna aliyewahi kulieleza vizuri zaidi.

Sasa, alfajiri ya ile Jumapili ya posa, kompyuta ilifaulu. Rukaya aliipa picha mpya ambazo haikuwahi kuziona tangu izaliwe, ikapatia asilimia tisini na tano. Miaka mitatu alikuwa anaikimbiza namba ile! Kwa watu wa takwimu tisini na tano si namba ya mchezo. Ukiifikia unatembea kifua mbele, unasalimia mpaka mbuzi. Rukaya akashinda na namba yake mdomoni kama mtoto na pipi.

Alasiri wakaja wageni kutoka Misugusugu. Wanaume watatu, barua ya posa ndani ya bahasha yenye maua, wakiongozwa na Mzee Twalibu, baba mdogo wa Halidi, mchumba mwenyewe, bwana shamba wa Kibaha. Wakakaribishwa sebuleni, wakanywa chai, wakatoa maneno yao ya kuzungukazunguka, kisha Shangazi Mwanaamina akatumwa chumbani kumuuliza mwenyewe.

Shangazi huyu ndiye aliyemfunda Rukaya alipokuwa mwali, na fundisho la kwanza kabisa lilikuwa hili: ukiulizwa habari ya mume, hujibu. Unainamisha uso. Kunyamaza kwako ndiyo ndiyo yako.

"Rukaya, mwanangu," shangazi akasema kwa sauti ya sherehe, "kuna watu wametoka Kibaha, wanasema wameona ua uani kwetu. Tuwape?"

Na Rukaya, macho yanang'aa, furaha imempanda mpaka kwenye nywele, akasema, "Yaani shangazi, mimi niko asilimia tisini na tano kabisa!"

Shangazi akamtazama. Akafunga mlango polepole. Na kwa kuwa mjumbe haongezi wala hapunguzi, akaenda akalimwaga sebuleni lile jibu kama lilivyo.

Mzee Twalibu akashusha kikombe.

"Na hiyo tano kapewa nani?"

Mzee Pazi akakohoa. "Unajua, mwanangu ni msomi, huenda..."

"Msomi sawa, kaka. Ila sisi hatukuja kuposa mke aliyekatwa pembeni." Mzee akasimama, kofia mkononi. "Barua yetu tunaiacha hapo. Ijumaa baada ya swala tunarudi. Tutakuta jibu zima, au tutaondoka na barua yetu."

Jioni ile ujumbe ukaingia kwenye simu ya Rukaya. Nyie, Halidi huyu alikuwa mtu wa kutuma sauti za dakika nne nne, kuku wanawika nyuma, anasimulia mpaka alichokula. Siku hiyo aliandika maneno matano: "Nimesikia. Asante kwa ukweli wako."

Akazima simu. Jumatatu haipatikani. Jumanne haipatikani.

"Sasa wewe ulishindwa nini kunyamaza?" Shangazi Mwanaamina alimuuliza Jumanne mchana, wamekaa jikoni wanachambua kisamvu.

"Nilidhani namsifia, shangazi!"

"Unamsifia kwa kumpunguza?"

"Kwani wewe siku unaulizwa habari ya mumeo, marehemu Baba Isihaka, ulikuwa ngapi?"

"Nilikuwa simjui hata sura! Nilinyamaza tu. Nikaja kumjua baadaye."

"Kumbe ulikuwa sifuri!"

"Nilikuwa sifuri yenye adabu," shangazi akasema, na wote wawili wakacheka mpaka kisamvu kikamwagika. Halafu Rukaya akaanza kulia, hivi hivi, katikati ya kicheko, machozi yanashuka mpaka kidevuni.

"Ataondoka kweli, shangazi."

Shangazi akamfuta uso kwa pindo la khanga. "Nenda kamtafute. Mwanamke asiyejua kunyamaza, basi angalau ajue kueleza. Ila Ijumaa, Rukaya, nisikie. Ijumaa nitaingia tena chumbani kukuuliza. Usinipe namba."

Basi Jumatano asubuhi Rukaya akafunga safari. Ofisini kwa Halidi wakamwambia bwana shamba yuko Dutumi, kaenda kung'oa mihogo yenye ugonjwa kabla haujasambaa. Akashuka Mlandizi, akapanda bodaboda, na njia nzima, vumbi likimpaka poda ya bure, alikuwa anawaza dole gumba.

Ndiyo, dole gumba! Maana mapenzi yao yalianzia hapo.

Mwaka juzi kompyuta yake ya kwanza ilikuwa inapata mia kwa mia. Rukaya alicheza peke yake chumbani mpaka akagonga kabati. Kisha kwa utani tu akaupiga picha mkono wake mwenyewe umeshika kikombe, akaipa. Ikajibu: batobato, asilimia mia. Kikombe! Rukaya akarudi kwenye picha zake elfu kadhaa, akazipekua moja moja, na ndipo alipoliona. Aliyepiga picha nyingi za Kibaha alikuwa na tabia moja: jani zima analiacha linaning'inia kwenye mti, lakini akikuta gonjwa analishika kwa kidole ili lionekane vizuri. Dole gumba pana, lenye kovu la panga. Kompyuta haikuwa imejifunza ugonjwa hata kidogo. Ilikuwa imekariri kidole cha mtu.

Akatafuta namba, akapiga. "Samahani, wewe ndiye mwenye dole gumba lenye kovu?"

Sauti nzito ya upande wa pili ikajibu, "Inategemea. Limeiba nini?"

Hapo ndipo Rukaya alipocheka mara ya kwanza kwa ajili ya Halidi. Na alipomwelezea shida, Halidi hakununa. Alirudi mashambani akapiga picha upya, mikono nyuma. Kisha akakubali kukaa jioni baada ya jioni kuziwekea alama. Kulikuwa na vitufe vinne: Zima, Batobato, Michirizi, Sijui. Mabwana shamba wengine wawili hawakuwahi kubonyeza Sijui hata mara moja, maana nani anataka kuonekana hajui? Halidi aliibonyeza mara mia mbili na kumi na mbili.

"Mbona wewe Sijui zako nyingi hivi?" Rukaya alimuuliza.

"Kwa sababu nilikuwa sijui," Halidi akajibu.

Basi! Rukaya akaisha hapo hapo.

Dutumi, mwenye shamba alikuwa Mama Dotto, mwanamke wa kuja aliyelowea, kajifunga kitenge kiunoni, kasimama mwanzo wa matuta kama askari wa geti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe ndiyo tano?"

Rukaya akaweka ushungi sawa. "Mimi ndiyo tisini na tano, mama."

"Haya pita. Na umwambie bwana shamba wako, nimemwita ang'oe migonjwa, toka asubuhi anang'oa na mizima! Mimi nakula mihogo, sili mapenzi."

Halidi alikuwa katikati ya shamba, buti zimejaa udongo, shati limelowa mgongoni. Aliinama, akashika shina kwa mikono miwili, akalivuta kwa hasira mpaka udongo ukaruka.

"Huo mzima," Rukaya akasema.

Halidi akageuka. Macho yao yakakutana, na kwa nukta moja tu Rukaya akaona uso ule unafunguka kama zamani, kisha ukajifunga tena.

"Mzima asilimia ngapi?"

"Halidi."

"Si nauliza? Wewe ndiye mtaalamu." Akautupa muhogo pembeni. "Unajua Misugusugu wananiitaje? Mia Kasoro. Jana nimekwenda kunywa supu, muuza supu ananiuliza, nikujazie bakuli, au nikuachie padogo kama mchumba wako?"

Rukaya akang'ata mdomo.

"Cheka tu."

"Sicheki."

"Unacheka kwa macho, Rukaya. Nakujua."

"Basi samahani. Samahani ya macho na samahani ya mdomo." Akasogea hatua moja, kiatu kikazama kwenye tuta. "Ile namba ilikuwa sifa. Wallahi. Kwetu kule ukisema tisini na tano watu wanakupigia makofi."

"Kwenu wapi? Maana kwenu Kisarawe hawakupiga makofi." Akajifuta jasho kwa mkono, udongo ukabaki kwenye paji la uso. Sauti ikashuka. "Sikiliza. Usinizungushe na takwimu. Ile tano naijua. Ile tano ni diploma yangu."

"Nini?"

"Wewe mwakani unaitwa Daktari. Mimi nitaitwa nani? Mume wa Daktari, yule wa mihogo. Utakwenda kwenye mikutano yenu, wenzako watauliza, shemeji yuko chuo gani? Utasema nini? Yuko tuta la nne?" Akatabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu anayekanyaga mwiba. "Ungeniambia mwenyewe. Nisingekasirika. Kunisikilizisha kwa baba mdogo ndiyo kumeniuma."

Rukaya alikuwa kajiandaa kwa mambo mengi njiani, lakini hilo hakuliwaza. Siku zote tatu Halidi alikuwa na kidonda tofauti kabisa na kile alichokuja kukitibu. Akakaa chini kwenye tuta, na sketi yake nzuri ile, hakujali.

"Kaa," akasema.

"Nina kazi."

"Kazi gani, unamng'olea mama wa watu chakula! Kaa, Halidi."

Halidi akakaa. Si karibu, lakini si mbali.

"Unaikumbuka kompyuta yangu ya kwanza?"

"Ile iliyonipenda kidole."

"Hiyo hiyo. Ilikuwa na uhakika mia kwa mia. Haikuwahi kusema labda, haikuwahi kusema ngoja niangalie tena. Na haikuwa inajua kitu! Ilikuwa imekariri. Tangu siku ile mtu akiniambia mia, mimi natafuta mlango. Watu wangapi walikuja Kisarawe wakasema wananipenda mia kwa mia? Walikuwa hawajui hata nasoma nini. Wewe ulikuja ukasema sijui mara mia mbili na kumi na mbili, na nikakuamini kwenye yote yaliyobaki." Sauti ikaanza kutetemeka, akaiacha itetemeke. "Diploma yako? Bila hiyo diploma yako mimi ningekuwa nina kompyuta inayopima vikombe. Jina lako liko ukurasa wa kwanza wa kazi yangu, kabla ya Profesa anayenisimamia. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia, kwa sababu huyu ndiye aliyenifundisha jani."

Halidi akaokota jani lililoanguka, akalizungusha mkononi. Kovu likaonekana, jeupe juu ya udongo mwekundu.

"Kwa hiyo ile tano ni nini?"

Rukaya akafungua mdomo. Akautazama uso wa Halidi, udongo kwenye paji, macho yanayosubiri, na akajua kwamba akisema chochote kizuri sasa hivi kitakuwa cha kutunga.

"Sijui," akasema.

Halidi akainama juu ya lile jani. Mabega yakaanza kucheza kidogo, kisha zaidi, na Rukaya akadhani analia, kumbe mwanaume anacheka.

"Umebonyeza Sijui."

"Nimebonyeza." Na yeye akaanza kucheka, machozi yako hapo hapo. "Sijui ukiumwa unakuwaje. Sijui kama unakoroma. Sijui ukizeeka utakuwa mbishi kama baba mdogo. Mpaka leo nilikuwa sijui hata ukikasirika unafanyaje."

"Na sasa umejua?"

"Unang'oa mihogo ya watu."

"Kwa hiyo tano imebaki ngapi?"

"Nne na nusu."

"Nusu tu! Nimeng'oa mashina tisa!"

"Takwimu hazina huruma, mpenzi."

Neno mpenzi likatua katikati yao, likakaa. Kipande cha jani kilikuwa kimenasa kwenye ushungi wa Rukaya, karibu na sikio. Halidi akanyoosha mkono, akakitoa kwa dole gumba lile, taratibu, hakugusa kingine, lakini Rukaya alisikia joto mpaka kwenye nyayo.

"Na wewe ungeulizwa?" akanong'ona. "Ungesema ngapi?"

"Mimi? Mia."

"Ungekuwa umekariri."

"Ndiyo. Nimekukariri," Halidi akasema, macho hayajaondoka. Kisha akawa mtu wa kazi tena. "Lakini Ijumaa wewe usiseme mia. Ukisema mia nitajua umenidanganya."

"Na nikisema tisini na tano na nusu, baba mdogo anaondoka na barua."

"Basi itabidi ufanye kile usichokiweza."

"Kipi?"

"Unyamaze."

"Nikinyamaza si nitakuwa nimesema mia?"

"Hapana. Ukinyamaza utakuwa umesema upo. Mimi hiyo inanitosha. Zile nyingine tutazitafuta wote."

Rukaya akataka kusema kitu. Akajizuia. Akainamisha uso, taratibu, kama alivyofundwa, na Halidi akaelewa kwamba ameshajibiwa.

"Nyie!" Mama Dotto akapiga kelele kutoka mwanzo wa shamba. "Kama mmepatana, nirudishieni mihogo yangu ardhini!"

Wakairudisha. Walikata mashina yale tisa pingili pingili, wakachomeka moja baada ya nyingine, Daktari mtarajiwa na bwana shamba wake, mpaka jua likawa kichwani.

Ijumaa ikafika. Swala ikaisha, wageni wakaingia, chai ikamiminwa, maneno ya kuzungukazunguka yakazungushwa. Mlango wa chumbani ukafunguka. Shangazi Mwanaamina akasimama mbele ya Rukaya, na safari hii sauti yake haikuwa ya sherehe, ilikuwa ya kuombea.

"Rukaya, mwanangu. Wale watu wamerudi. Tuwape?"

Weee! Maneno yalimjaa Rukaya kooni kama watu kwenye geti la sokoni. Alikuwa na maelezo, alikuwa na mfano, alikuwa na namba yenye nukta. Akashika mdomo kwa mikono miwili. Akainamisha uso. Akahesabu pumzi: moja, mbili, tatu, mpaka kumi.

Shangazi akatoka mbio, khanga inapepea.

"Anasemaje?" sauti ya Mzee Twalibu ikauliza sebuleni.

"Kanyamaza."

"Kanyamaza yote?"

"Yote, Mzee Twalibu! Hajabakisha hata kidogo!"

Mzee akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa akikiweka tangu Jumapili, na kabla hakijaisha vigelegele vya mama yake Rukaya vilikuwa vimeshavuka ukuta wa jirani.

Chumbani, simu ikatetemeka. Ilikuwa picha kutoka kwa Halidi. Hakuna jani, hakuna shamba. Dole gumba tu, limeoshwa, kovu linaonekana. Chini kaandika: "Bwana shamba anauliza, hili lina ugonjwa gani?"

Rukaya akakaa kitandani akiwa anacheka peke yake. Akafungua kompyuta, akaiamsha ile programu yake ya kwanza, ile pumbavu, ambayo Profesa alimwambia aifute na yeye mwaka mzima hakuifuta. Akaipa picha.

Ikafikiri kidogo, kisha ikajibu: batobato, asilimia mia.

Na kwa mara ya kwanza Rukaya aliiona mia, na hakubishana nayo.